Wenyeji wa Barabara ya Pugu

Barabara ya Nyerere, ile ya Pugu, hubeba mahujaji wa namna mbili. Wapo wanaoishia uwanja wa ndege, wamevaa sare za vikundi vyao vya safari, wamezungukwa na ndugu waliojaa Coaster mbili tatu kuwasindikiza wanaokwenda Makka. Na wapo wanaopita hapo hapo nje ya uzio kwa miguu, rozari mkononi na chupa ya maji kwapani, wakielekea kilimani Pugu. Wa kwanza watavuka bahari kwa saa chache. Wa pili wana kilomita kama 20 tu kutoka kwetu Temeke, na wangeweza kuzimaliza kwa nauli ya daladala. Wangeweza pia kupanda treni, kwani Pugu ina stesheni ya reli ya kati ya zamani, na sasa ina ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Hakuna anayetembea kwenda Pugu kwa kukosa usafiri. Tunatembea kwa kusudi, na kila tunapoivuka Tazara nikiwa na usingizi bado machoni najiuliza kutembea kunaongeza nini ambacho treni haileti.

Mapadre wana jibu lao, nalo nalikubali: ni toba, ni majitoleo, ni kuushirikisha mwili katika sala ambayo mdomo peke yake umeizoea. Kwaresima inataka hivyo. Lakini barabara yenyewe imenionyesha jambo jingine, linalohusu maji, chakula na mahali pa kujilaza, na kwa kuwa katika mahubiri halitajwi sana, nitalisema mimi.

Dar es Salaam ni mji wa watu wanaoficha njaa. Mpangaji wa Tandika anayekula mlo mmoja hufunga mlango anapoula, wenzake wasijue kwamba hakukuwa na wa kwanza. Mgeni akifika saa ya chakula husema ameshakula, hata kama tumbo linamsuta. Kijana aliyetoka bara na kufikia kwa shemeji yake Mbagala huondoka asubuhi akisema ana miadi mjini, kumbe anakwenda kukaa kivulini hadi jioni ili asionekane amekaa tu akisubiri kupakuliwa. Wote tunafahamiana katika hili na wote tunasitiriana. Ni adabu, na sitaki kuidharau, kwani imezilinda heshima za watu wengi. Ila ina gharama yake: mtu anaweza kuishi mji huu miaka 20 bila jirani yeyote kupata nafasi ya kumpa kitu.

Sasa mchukue mtu huyo huyo umtembeze. Tunaondoka saa kumi alfajiri, tunatokea Vetenari, tunaipita Tazara chini ya daraja la Mfugale, tunaishika barabara: Jet, Airport, Banana, Ukonga, kituo cha Mombasa. Hadi Banana bado tuna heshima zetu. Nyimbo zinaimbwa kwa sauti zote nne, kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamejifunga vitenge vyao vinavyofanana, vijana wamebeba msalaba kwa zamu. Jua likishachomoza sawasawa, mambo hubadilika. Raba iliyoazimwa huanza kumla mtu kisigino. Chupa ya maji imekwisha, na yule aliyekataa kunywa uji nyumbani kwa sababu ya haraka anatembea ameinamisha kichwa. Tukikaribia Gongo la Mboto hakuna anayeweza kusema ameshakula. Uso unasema. Mhasibu, fundi cherehani, mama lishe na mjumbe wa halmashauri ya walei wote wana midomo mikavu ile ile, na watu walioketi barazani wanawaona.

Hapo ndipo wenyeji wanapotokea. Sisemi wa parokia, ambao wamejiandaa na tutawafikia. Nasema watu wa pembeni mwa barabara ambao hakuna barua iliyowaomba chochote. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilikwenda pamoja karibu mwezi wote wa Machi, na nilimwona mzee mmoja wa Kiislamu, kanzu yake imepauka kwa kufuliwa, ameweka ndoo mbili za maji na vikombe vya plastiki kwenye benchi mbele ya nyumba yake. Mjukuu wake alikuwa akichota, yeye akigawa.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, wanangu. Kunyweni, jua kali."

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliona haya. Akasema, "Na wewe umefunga, baba. Tutakunywaje mbele yako?"

"Funga ni yangu, mama. Kiu ni yenu. Kunyweni."

Tulikunywa. Yule mama alifunga macho akiwa anameza, na aliporudisha kikombe alikishika kwa mikono miwili. Nimekaa katika semina za mahusiano ya dini mbalimbali, zenye mabango na posho ya nauli, na ninaamini zina kazi yake. Lakini katika semina kila mmoja huja ameshiba na hakuna anayemhitaji mwenzake kwa lolote. Pale kwenye benchi tulimhitaji. Tungekuwa kwenye treni tungepita nyuma ya nyumba yake bila kujua kama yupo.

Mtu wa Gongo la Mboto ana sababu yake ya kumwelewa anayetembea. Usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yaliyohifadhiwa katika ghala za kambi ya jeshi ya hapo yalianza kulipuka, na vipande vyake vikaruka kuangukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 20 walikufa. Barabara hii ilijaa usiku ule: watu pekupeku, na nguo za kulalia, wengine na mtoto mmoja mkononi wakiwa wamepotezana na wawili. Wapo waliokimbilia Pugu na Kisarawe, wapo waliokuja upande wa mjini, na maelfu walilala Uwanja wa Uhuru, kule kwetu Temeke, katikati ya uwanja na kwenye ngazi za watazamaji. Miaka miwili kabla, Aprili 29, 2009, Mbagala nayo ilikuwa imepitia balaa la namna hiyo. Siwezi kuifananisha hija na kukimbia mabomu. Anayehiji anajua atarudi na nyumba ataikuta. Ila mwili unaokwenda kwa miguu mchana na ule uliokimbia usiku inaomba vitu vile vile: maji, kitu cha kutia mdomoni, choo, mahali pa kulaza mtoto. Mtu aliyewahi kuvikosa hivyo barabarani hahitaji kuelezwa kwa nini uweke ndoo mbele ya nyumba.

Niseme neno juu ya umati, maana wapo wanaotuogopa. Msururu wetu husimamisha daladala, huwachelewesha watu kazini, na polisi wa usalama barabarani wana kila haki ya kuwa wakali. Lakini umati unaotembea ni kiumbe tofauti na umati uliofungiwa mahali. Kutembea kunauchuja: wenye mbio wanakwenda mbele, wazee na wajawazito wanabaki nyuma na watu wao, katikati watu wanatengeneza nafasi ya kuimba. Mwendo unaoamua ni wa bibi aliye taratibu kuliko wote, maana vijana wameagizwa wasimwache. Hatari inakuja mwishoni, penye geti, penye jukwaa, penye kitu kinachogawiwa kwa wakati mmoja kwa watu wote. Moshi, Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikanyagwa wakafa katika mkutano wa maombi, wakigombea kupita juu ya mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Walikuwa watu wenye imani na matatizo kama yetu. Tangu siku ile, kila nikifika mahali pa ibada naangalia kwanza njia za kutokea ziko ngapi, kisha altare. Na kila nikisikia kamati ikisema chakula kitagawiwa kwenye meza moja "ili kudhibiti", naomba ruhusa ya kusema. Meza ziwe nyingi, zitawanywe, na ya wazee iwe kivulini peke yake.

Pugu unafika kwa kupanda. Miti inaanza, hewa inabadilika, na watu waliokuwa wamenyamaza tangu Mombasa wanaanza tena kuimba. Mahali hapa panahijiwa kwa sababu ya waliotangulia. Mwaka 1888 Wabenediktini kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walifungua misheni hapa, na Januari 13, 1889 misheni ilivamiwa katika vita vya Bushiri. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing waliuawa. Wenzao wengine walichukuliwa mateka, baadaye wakakombolewa kwa fedha. Tunawaombea na tunaomba kwao, na mimi nafanya hivyo kwa moyo wote. Lakini nikiwa pale siwezi kuacha kufikiri habari ya mgeni na mwenyeji. Miezi michache kabla ya uvamizi ule, Agosti 1888, Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imetua katika miji ya pwani, ikapandisha bendera yake na kushika forodha. Walioishambulia misheni waliona ngozi moja na lugha moja. Yule sista aliyekuja kuuguza na yule ofisa aliyekuja kutoza ushuru walifika kwa wakati mmoja, na watu wa pwani hawakuwa na muda wala sababu ya kuwatenganisha. Bushiri mwenyewe, aliyeongoza vita vile, alinyongwa Pangani Desemba mwaka ule ule wa 1889. Uwanja ambao sisi leo tunatandika mikeka na kufungua mabakuli ya wali una kumbukumbu ya ukarimu uliovunjika, na nadhani hija ya kweli ya Pugu inapaswa kulibeba hilo pia: kuingia nyumba ya mtu bila kitu chochote mkononi kinachoweza kumtisha.

Pugu hiyo hiyo ina kisa kingine. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Fransisko hapa, akawa rais wa chama cha TANU Julai 1954 akiwa bado anashika chaki, na wazee husimulia jinsi alivyokuwa akishuka mjini kwa mikutano, safari nyingine kwa miguu, na kurudi usiku. Mwaka 1955 alipoacha kazi ya ualimu hakuwa na nyumba mjini. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid Sykes, mwenzake Nyerere katika TANU, ameeleza kwamba Nyerere alipokewa nyumbani kwa Abdulwahid huko Kariakoo. Mkatoliki kutoka bara, mwalimu asiye na mshahara, akala na kulala katika nyumba ya Waislamu wa mjini. Vitabu vya shule vinatuambia juu ya hotuba na safari ya Umoja wa Mataifa. Mimi ningependa mwanafunzi ajue pia kwamba kulikuwa na sinia, kitanda na mke wa mwenye nyumba aliyeongeza kibaba cha mchele kwa ajili ya mtu wa ziada. Nchi hii ilipita hapo.

Nirudi kwenye sufuria. Tunapofika Pugu, kina mama waliotangulia na pikapu tangu jana yake wameshawasha kuni kwenye mafiga. Mchele umechaguliwa, maharage yamechemka, kuna chai ya rangi ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha kwa wasiokula kitu kizito. Wamelala kwenye mkeka chini ya turubai, wamepigana na mbu, wameamka saa tisa. Misa inapoanza wao wapo nyuma, wanageuza ugali kwa mwiko mrefu wa mbao, na sauti ya padre inawafikia vipande vipande kwa kipaza sauti. Wakati wa Komunyo baadhi hupokezana mwiko wakakimbia na aproni zao kupanga foleni. Baadaye picha zinapigwa: kwaya, kamati, wageni waalikwa, mapadre, watembeaji wote wakiwa na msalaba. Sijawahi kuona picha ya wapishi. Hesabu ya mahujaji inasomwa, na wao hawamo, kwa sababu hawakutembea.

Nadhani wamo zaidi yetu. Mimi nimetembea kwa ajili ya roho yangu na nia zangu. Nimekuja na orodha ya watu wa kuwaombea, na ni kweli nimewaombea. Wao wamekuja kwa ajili ya mdomo wangu. Na ninaona uchungu, nasema bila kupaka mafuta, pale meza ya viongozi inapowekwa hemani na kuku, na mtu aliyetembea na malengelenge akala wali mkavu juani. Jambo hili si la parokia moja. Nimeliona katika harusi, katika misiba, katika mikutano ya kila dini. Katika hija ndiko linakouma zaidi, kwa sababu saa mbili tu zilizopita barabara ilikuwa imetufanya sote kuwa sawa.

Wenzetu wa upande wa Kinondoni wana njia yao. Kutoka Tegeta, Boko na Bunju, barabara inakwenda Mapinga, Kerege, Kiromo, hadi Bagamoyo, walikofika mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 na kuanzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Novemba 2018, jubilei ya miaka 150 ya Uinjilishaji wa Tanzania Bara ilifikia kilele huko. Anayetembea njia hiyo kutoka katikati ya jiji ana karibu kilomita 70 mbele yake, na hapo huwezi kukwepa swali la kulala. Ukumbi wa kigango, madarasa yaliyosogezwa madawati, sebule ya Mkristo aliyejitolea kupokea watu sita wakaja kumi. Mkeka, kanga ya kujifunika, kanga nyingine iliyokunjwa kuwa mto. Wanawake chumba hiki, wanaume kile, na mlango wa nje ukilindwa na mzee asiyelala. Choo kimoja kwa watu 60. Mtu anayesema hija ni maua na nyimbo hajasimama foleni ile saa kumi na moja alfajiri.

Njia hiyo imezoea kulisha watembeaji tangu zamani. Bagamoyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa misafara ya bara, na mpagazi aliyebeba pembe au mitumba ya nguo alikuwa na haki zake alizozijua vizuri: posho yake ya nafaka na kambi ya kutua kabla jua halijazama. Mnyapara aliyechezea posho aliamka akakuta watu wamemkimbia. Juni 1878 mapadre weupe, wale Wamisionari wa Afrika wa Lavigerie, waliondoka Bagamoyo na mamia ya wapagazi, na Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans wakafika Buganda. Hivyo dini iliyoipa Uganda mashahidi wake ilikwenda kwa miguu ya watu waliolipwa kwa nguo na kulishwa kwa vibaba, ambao wengi wao hawakuwa Wakristo. Majina yao hayamo katika litania yoyote. Nikitembea na wenzetu hao, wakati wa kupumzika pale Kerege huwa nawataja wapagazi hivyo hivyo, kwa kazi yao tu, katika nia zangu.

Na leo watu wetu wanakwenda kule kule Uganda. Wiki ya mwisho ya Mei mabasi yanaondoka Dar es Salaam yamejaa mahujaji wa Namugongo, na safari ya mchana na usiku inaanza, hotpoti za plastiki miguuni, maandazi kwenye ndoo. Juni 3, 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto hapo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu. Wao pia walitembea. Walihukumiwa Munyonyo na kusukumwa kwa miguu hadi Namugongo, na wengine wakauawa njiani. Ndiyo maana Waganda wengi, na Wakenya wanaovuka mpaka, wanaona aibu kwenda kwa gari; wapo wanaotembea wiki mbili na zaidi. Kila mwaka jimbo moja la Uganda hupewa zamu ya kuandaa sikukuu, na parokia za njiani hujua zitaamka na wageni uani. Watanzania tunawahi kufika, maana Juni 1 kuna Misa ya kumwombea Mwalimu Nyerere, ambaye mchakato wake wa kutangazwa mtakatifu umefunguliwa. Usiku uwanja mzima ni shuka na maturubai. Unajilaza kati ya mtu wa Gulu na mtu wa Kitui, hamwelewani lugha vizuri, na asubuhi yule wa Gulu amekufunika kwa nusu ya blanketi lake.

Lakini kama kuna mahali ambapo mwenyeji amepewa heshima yake yote, nimesimuliwa na jirani yangu wa Temeke, Mwislamu wa Kishia, aliyekwenda Iraki kwa Arubaini, kumbukumbu ya siku ya arobaini ya kifo cha Imam Hussein. Kutoka Najaf hadi Karbala ni kilomita kama 80, na barabara ina nguzo zenye namba, 1,452, hata watu hupeana miadi kwa namba za nguzo. Katika miaka ya karibuni wasimamizi wa kaburi la Abbas, ndugu yake Hussein, wanaohesabu waingiao Karbala, wametangaza watu zaidi ya milioni 20. Idadi hiyo haina hoteli duniani. Wanalishwa na kulazwa bure katika mahema na nyumba zinazoitwa mawakib, za makabila, za mitaa, za familia moja moja, nyingi zikiwa za watu wa kawaida wanaoweka akiba mwaka mzima. Wali na mchuzi wa dengu na nyama ya kusaga, tende zilizochovywa katika mafuta mazito ya ufuta, chai yenye sukari inayogandisha kijiko. Chini ya utawala wa Baath, chama cha Saddam Hussein, matembezi yale yalizuiwa, na Februari 1977 waliotembea kwa kukaidi walikabiliwa na jeshi. Baada ya utawala ule kuanguka 2003 yakarudi kwa nguvu. Pengine ndiyo sababu watu wale wanapika kama watu waliowahi kunyimwa nafasi ya kupika.

Jirani yangu aliniambia kilichomliza hakikuwa kaburi la Imam. Kilikuwa ni baba mmoja wa makamo aliyesimama katikati ya barabara akimshika kila mpita njia mkono, akimsihi alale kwake usiku ule. Nyumba yake ilikuwa tupu na jua limezama. Akasema mtu yule alikuwa karibu kulia. Alipoingia, alikuta magodoro yamepangwa, watoto wa nyumba wameketi wima wakisubiri kuvua wageni viatu. "Dada," aliniambia, "mimi nililelewa na mgeni njoo mwenyeji apone. Nilikuwa sijamwona mwenyeji anayeumwa kwa kukosa mgeni."

Nimelifikiria hilo wiki nyingi, kwa sababu kamati yetu ya hija iko mezani sasa hivi na pendekezo jipya. Wanataka mwaka huu tusipike. Kampuni ya vyakula italeta maboksi yaliyofungwa, kila mhujaji alipe mapema kwa namba ya simu, apewe kuponi. Sababu zao zina uzito na sikuzikejeli: usafi, kipindupindu ambacho mji huu unakifahamu, kuwapumzisha kina mama, kupunguza moshi na takataka, kujua hesabu. Mwenyekiti ni mtu makini, na alisema kitu cha kweli kwamba wapishi wetu wanazeeka na mabinti hawajitokezi.

Kikaoni nilisimama nikasema kuwapumzisha kina mama kuna njia nyingine, nayo ni wanaume kushika mwiko. Wanaume walicheka, kisha watatu wakaandika majina, mmoja wao mpishi wa gereji moja ya Chang'ombe ambaye hupikia mafundi 30 kila siku na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kuhusu usafi nikasema tununue matangi mawili ya maji yenye bomba, sabuni, na tumwombe bwana afya wa kata aje siku ya kuamkia safari aone kila kitu. Kuhusu hesabu sikuwa na la kuwaridhisha. Hija haihesabiki vizuri. Kuna mama hujiunga nasi Ukonga kila mwaka, hayumo katika jumuiya yoyote tunayoijua, anatembea hadi Pugu na watoto wawili, anakula, anasali, anaondoka. Hana simu ya kutuma pesa, na hana kuponi. Maharage yakipungua, mpishi huongeza maji na kitunguu na wale watatu wanapata. Boksi lililohesabiwa halina nafasi yao, na kijana wa kampuni aliye mlangoni hatakuwa na mamlaka ya kuwapa.

Mwenyekiti aliniuliza kama niko tayari kubaki kwenye mafiga badala ya kutembea. Nilijibu niko tayari. Wajumbe hawakukubaliana, na mzee wa kigango akaomba suala liahirishwe ili kina mama wapishi wenyewe waulizwe, maana hadi saa ile hakuna mpishi hata mmoja aliyekuwa ndani ya kikao. Watakuja Jumapili, baada ya Misa ya pili.